Njia ya Matembezi: Ni Hisani au Ni Deni?



Katika toleo hili tunapenda tutafakari pamoja swali ambalo mwanzoni laweza kuonekana dogo. Mtu asiyeweza kutembea vizuri, je, tuna wajibu wa kumwezesha atoke nje ya boma lake akatazame vilima, mashamba na bonde, kama sisi wengine tunavyofanya jioni? Au wajibu wetu unaishia kumfikisha mahali pa kugawiwa posho, kwenye zahanati, na kanisani siku ya Jumapili?

Tunaposema mtu asiyeweza kutembea vizuri, hatusemi tu yule aliyepoteza mguu kwa risasi au bomu huko tulikotoka. Tunasema pia mzee ambaye magoti yamechoka, mama aliyepooza upande mmoja, kijana aliyeugua polio akiwa mtoto, ndugu asiyeona, na mjamzito wa miezi minane. Wengi wetu tutafika huko, Mungu akitujalia umri. Kwa hiyo tusilitazame jambo hili kama habari za watu wengine.

Kwanza tujiulize kama matembezi ni kitu cha maana au ni anasa. Wapo watakaosema kwamba mkimbizi hana matembezi, kwamba alitembea ya kutosha alipokimbia. Lakini tujitazame wenyewe. Mvua ikikatika na jua likianza kushuka, vijana wanapanda kilimani, wanaume wanakwenda kuona mahindi yamefikia wapi, na akina mama wanasindikizana njiani hata kama hakuna cha kununua. Hatuendi kutafuta kitu. Tunakwenda kupumua. Mtu aliyepoteza shamba lake na kijiji chake anahitaji kuona mbali, ili moyo wake usibaki umefungwa ndani ya turubai na kuta nne za udongo. Tena mtu huanza kuwa mwenyeji wa mahali pale anapopajua kwa macho yake: mti ule, jiwe lile, kijito kile. Asiyetoka hubaki mgeni kila siku, hata akikaa miaka kumi.

Maandiko nayo hayadharau jambo hili. Isaka alitoka kondeni wakati wa jioni ili atafakari (Mwanzo 24:63). Bwana Yesu mwenyewe alikuwa akienda mlimani na mahali pasipo watu. Alipowafundisha watu wasisumbukie chakula na mavazi, aliwaambia watazame ndege wa angani na maua ya kondeni (Mathayo 6). Mahubiri hayo yanamtaka msikilizaji awe mahali ambapo ndege na maua vinaonekana. Je, tumhubirie hayo mtu ambaye kwa miaka mitatu ameona ukuta wa jirani tu?

Hata mataifa yamelitambua jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006. Uganda, nchi iliyotupokea, iliuridhia mwaka 2008, na Kongo mwaka 2015. Ibara yake ya 30 inazungumzia utamaduni, mapumziko na michezo. Haikusema kwamba mtu mwenye ulemavu anahitaji dawa na chakula peke yake.

Sasa tuje kwenye jibu ambalo sisi watu wa kanisa hulitoa haraka: "Tutambeba." Ni jibu jema, na hatutaki mtu yeyote alidharau. Wale watu wanne waliombeba mwenye kupooza wakatoboa dari (Marko 2) walisifiwa kwa imani yao. Wengi miongoni mwetu walivuka mpaka wakiwa hai kwa sababu mtu aliwabeba mgongoni. Lakini kubebwa si sawa na kwenda. Anayebebwa haamui saa ya kutoka. Hawezi kusema, "Hapa tusimame kidogo nitazame," kwa sababu anajua mabega ya mwenzake yanauma. Hawezi kutoka peke yake akaomba au akalia. Na kila anapotaka kutoka ni lazima kwanza aombe, na mtu anayeomba kila siku mwishowe huchoka kuomba, akasema, "Mimi nipo sawa hapahapa."

Tumwangalie Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Huyu ni ndugu yetu kabisa. Alikuwa na umri wa miaka mitano habari za vita zilipofika. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ya kukimbia mtoto akaanguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili (2 Samweli 4:4). Ulemavu wake aliupata katika kukimbia vita, kama baadhi ya watoto wetu. Baadaye Daudi alimtafuta, akamrudishia mashamba ya Sauli, akamketisha mezani pake. Wahubiri wengi huishia hapo. Lakini habari inaendelea. Daudi alipomkimbia Absalomu, Mefiboshethi hakuonekana pamoja naye, na mtumishi wake Siba akamsingizia kwamba amebaki Yerusalemu akingoja kupata ufalme. Baadaye Mefiboshethi alijieleza mbele ya mfalme: alitaka atandikiwe punda aende, kwa kuwa yeye ni kiwete, lakini mtumishi alimdanganya (2 Samweli 19:24-30). Hata aliyekula mezani pa mfalme aliachwa nyuma, kwa sababu safari yake ilikuwa mikononi mwa mtu mwingine. Wema wa Daudi ulikuwa mkubwa, lakini haukumpa njia yake mwenyewe.

Hapa ndipo swali letu linapokuwa gumu. Ni nani aliyemfungia njia mwenzetu? Tukitafuta mkosaji, hatumpati. Mtaro ulichimbwa ili maji ya mvua yasiingie nyumbani. Ua wa miiba uliwekwa ili mbuzi wasile maharage. Magogo mawili juu ya kijito yaliwekwa na mtu mwema aliyetaka watoto wafike shule. Hakuna aliyekusudia kumfungia mtu yeyote. Je, kama hatukukusudia, tuna deni?

Ili tulijibu vizuri, tuangalie nchi moja ambako swali la kutembea mashambani limebishaniwa kwa muda mrefu, nayo ni Uingereza. Si nchi ngeni kabisa kwetu. Kati ya mwaka 2004 na 2020 ilipokea wakimbizi kwa mpango ulioitwa Gateway, na Wakongo walikuwa miongoni mwao. Huko kuna njia za miguu za zamani zinazopita katikati ya mashamba na malisho, na watu wa kila hali huzitumia kwa matembezi. Lakini haki hiyo haikuja yenyewe. Milima mingi ilikuwa ya matajiri, nao waliifunga ili wawinde ndege. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya watu, wengi wao vijana wafanyakazi wa viwandani kutoka Manchester na miji ya karibu, walipanda mlima wa Kinder Scout bila ruhusa. Vijana watano walifungwa gerezani kwa ajili ya siku ile. Mwaka 1949 ilipitishwa sheria ya hifadhi za taifa na njia za mashambani, na mwaka 2000 sheria nyingine ikawapa watu wa Uingereza na Wales ruhusa ya kutembea kwa miguu katika milima na nyika zilizo wazi.

Basi watu wakapata haki. Lakini kwenye njia zile kulikuwa na kitu kidogo kilichobaki. Mahali njia inapovuka ua wa mifugo, wakulima huweka ngazi fupi ya mbao au ya mawe. Mtu anapanda hatua mbili, anapitisha mguu juu ya ua, anashuka upande wa pili. Ngazi hiyo iliwekwa ili kondoo asipite. Ikamzuia kondoo, na pamoja naye ikamzuia mzee, mama mwenye kigari cha mtoto, na mtu wa kiti cha magurudumu. Hakuna mkulima aliyewachukia watu hao. Hata hivyo, kwao sheria zote zile zilikuwa karatasi tu. Haki ilikuwa imeandikwa, na ngazi ilikuwa imesimama.

Wapendwa, habari hiyo tunaijua hata sisi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi uhuru wa kwenda huku na huku nchini, kwa kufuata masharti yaliyowekwa. Tunamshukuru Mungu kwa hilo, maana si kila nchi inatoa uhuru wa namna hiyo. Lakini kwa ndugu anayetumia magongo, uhuru huo unaishia kwenye mtaro wa kwanza. Serikali imempa nchi nzima, na sisi majirani zake tumempa mita ishirini.

Je, tuna deni? Torati inajibu waziwazi kuliko tulivyozoea kudhani. Mtu akichimba shimo asilifunike, na ng'ombe au punda wa mwenziwe akatumbukia, mwenye shimo atalipa (Kutoka 21:33-34). Torati haimwulizi kama alimchukia yule ng'ombe. Vivyo hivyo mtu anayejenga nyumba ameagizwa aweke ukingo juu ya dari, ili asijiletee hatia mtu akianguka (Kumbukumbu la Torati 22:8). Nia njema ya mjenzi haimwondolei wajibu. Na kumwekea kipofu kikwazo mbele yake kumekatazwa kabisa (Mambo ya Walawi 19:14). Tukiyaweka pamoja maagizo hayo, tunajifunza hivi: kizuizi ambacho hatukukijua hakitufanyi kuwa waovu, lakini siku tunapokijua tunakuwa wadeni. Kosa haliko katika kuchimba mtaro. Kosa ni kumwona mwenzetu amesimama upande wa pili, kisha tukasema mtaro ni wa maji tu.

Ndiyo maana tunasema njia ya matembezi ni deni, si hisani. Tofauti yake ni kubwa. Hisani hutolewa siku mtoaji anapojisikia, na mpokeaji hana budi kushukuru kila mara. Deni hulipwa hata siku ya uvivu, na aliyelipwa hana haja ya kuinamisha kichwa.

Tunajua wengine watapinga, na tunapenda tuwasikilize. Wa kwanza atasema: "Chakula kimepungua. Tangu mwaka 2020 posho imekatwa tena na tena, na ninyi mnazungumza matembezi?" Ndugu, uchungu huo ni wetu sote. Lakini tuangalie gharama. Daraja la magogo mawili likiongezewa magogo na kupigiliwa mbao juu, linapitisha kiti. Upenyo katika ua haununuliwi. Kokoto ziko mlimani. Kinachohitajika zaidi ni mikono ya watu kwa nusu siku, na sisi salongo tunaijua. Tulifanya salongo ya barabara nyumbani, tukafanya salongo ya kujenga kanisa hili. Hatuwaombi watu watoe chakula chao. Tunawaomba wachimbe kwa namna nyingine kidogo.

Wa pili atasema: "Vilima ni vilima. Hatuwezi kusawazisha nchi nzima." Ni kweli. Nabii Isaya alitabiri mabonde kuinuliwa na milima kushushwa (Isaya 40), lakini kazi hiyo yote si ya majembe yetu. Hapa tunaweza kujifunza kutoka Lake District, hifadhi ya milima na maziwa kaskazini magharibi mwa Uingereza. Huko wamechagua njia zipatazo 50 zisizo na ngazi, mojawapo ikiwa ile ya kuzunguka ziwa dogo la Tarn Hows, karibu kilometa 3. Hawakudai kwamba kila njia inamfaa kila mtu. Wamezipanga kwa madaraja matatu: zinazofaa wote, zinazofaa wengi, na zinazofaa baadhi. Ya wote haina mwinuko unaozidi kupanda mita 1 katika mwendo wa mita 10, na mtu wa kiti cha magurudumu aweza kwenda mwenyewe. Ya wengi inahitaji msaidizi. Ya baadhi inahitaji nguvu na wasaidizi hodari. Mtu huambiwa ukweli kabla hajatoka, kisha anaamua mwenyewe.

Kusema ukweli juu ya njia ni sehemu ya haki, na hakugharimu hata shilingi. Mara ngapi tumemwambia mzee, "Si mbali, ni hapo tu," naye akakwama katikati? Tumwambie sawasawa: ni mwendo wa namna gani, matope yako wapi, kivuli kiko wapi, kuna mahali pa kukaa au hakuna, kuna choo au hakuna.

Wa tatu atasema: "Ardhi si yetu." Nayo ni kweli. Wenyeji wametupokea, na njia nyingi hupita kando ya mashamba yao. Kwa hiyo wazee wa kanisa waende kwa viongozi wa kijiji na kwa wenye mashamba, waombe kwa heshima. Wenyeji nao wana wazee na wagonjwa wao. Njia iliyo nzuri kwetu itakuwa nzuri kwao, na huenda ikawa jambo la kwanza tulilowapa baada ya kupokea mengi.

Basi tufanye nini? Tunapendekeza mambo machache kwa mashemasi, kwa vijana na kwa vikundi vya akina mama.

Kwanza, tuwaulize wenyewe. Tusikae sisi wenye miguu mizima tukawaamulia wapi waende. Mmoja atapenda kufika mahali panapoonekana milima, mwingine kwenye shamba la mwanawe, mwingine mahali pa kimya pa kusali. Wao ndio watakaotuonyesha kikwazo ambacho sisi tunakiruka bila kukiona.

Pili, tuanze na njia moja fupi, hata ya mita 500, kutoka uwanja wa kanisa hadi mahali penye mti na mandhari. Njia fupi iliyokamilika inafaa kuliko ndefu yenye shimo moja katikati, maana shimo moja linafuta njia yote.

Tatu, tupime kabla ya kuchimba. Kiti cha magurudumu kinahitaji nafasi isiyopungua sentimeta 90 kupita, na baiskeli ya mikono mara nyingi inataka zaidi. Tuilete ileile itakayotumika, tuipitishe tuone. Kwa daraja au kizingiti tufuate kipimo kinachotumiwa na wajenzi wengi: kila sentimeta 1 ya kupanda ipewe sentimeta 12 za urefu. Kizingiti cha sentimeta 10 kinahitaji mteremko wa sentimeta 120. Udongo ushindiliwe na changarawe ndogo, na maji yapewe mahali pa kupita chini au kando, la sivyo mvua ya kwanza itabomoa kazi yote. Kila baada ya umbali kidogo pawe na gogo au jiwe la kukalia.

Nne, penye ua, tufuate utaratibu unaopendekezwa huko Uingereza: kwanza uliza kama upenyo wazi unatosha. Kama mifugo itapita, weka lango linalofunguka kwa urahisi. Kitu cha kupanda kiwe cha mwisho kabisa. Mara nyingi sisi huanza na cha mwisho.

Tano, njia iwe na mlinzi. Kila mvua kubwa ikinyesha, kikundi kimoja kikaikague. Njia iliyoachwa mwaka mmoja inarudi kuwa korongo.

Tena tusiache kubeba. Patakuwapo sikuzote mahali ambapo njia haifiki, na hapo mabega ya ndugu yatahitajika. Lakini tubebe pale ambapo hapana njia nyingine, si pale ambapo tulikuwa wavivu kuitengeneza. Tumkumbuke yule mtu katika Matendo ya Mitume sura ya 3. Jamaa zake walikuwa waaminifu. Walimbeba kila siku. Walimweka mlangoni pa hekalu, na kila jioni, bila shaka, walimrudisha nyumbani. Miaka yote hiyo alikuwa karibu na nyumba ya Mungu, lakini alikuwa nje. Siku alipoinuliwa kwa jina la Yesu, jambo la kwanza alilofanya ni kuingia ndani, akitembea na kurukaruka.

Sisi hatuna uwezo wa kumwamuru mtu asimame, isipokuwa Bwana atende. Lakini kuondoa jiwe, kufunika shimo na kupanua daraja, hayo hayahitaji muujiza. Tukiomba uponyaji juu ya mtu huku tumeacha mtaro mbele ya mlango wake, maombi yetu yana kasoro. Bwana hututaka tufanye kwanza lile lililo ndani ya uwezo wetu.

Mungu awabariki, na awape nguvu wote wanaotembea kwa shida.